Hosta za bluu Dodoma: kivuli unacho, baridi huna

Kila mwenye mwarobaini uani siku hizi anajihesabu kuwa na bustani ya kivulini. Picha za hosta, yale majani mapana ya bluu-kijani, zinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, na watu wanaulizia miche.

Dhana: "Hosta hupenda kivuli, basi Dodoma itakubali."

Kivuli inakipenda kweli. Ila kwao ni China, Japani na Korea, na kila mwaka lazima ipukutishe majani yote ilale ardhini kwenye baridi ya chini ya nyuzi 5 hivi, kwa wiki sita au zaidi. Sisi Juni na Julai tunatafuta masweta, kumbe usiku unashuka hadi nyuzi 13 tu au karibu na hapo. Kwa hosta hiyo si baridi. Mwaka wa kwanza itachipua kwa akiba iliyokuja nayo, na hapo ndipo wengi hujisifu. Baadaye majani hupungua ukubwa, mche unadhoofika, mwisho unabaki na chungu cha udongo.

Dhana: "Bluu ndiyo rangi ya jani."

Jani ni la kijani. Bluu ni utando wa nta juu yake. Sugua kwa kidole uone. Kwa hiyo anayefuta majani kwa mafuta ya kupikia ili yang'ae anaifuta bluu yenyewe. Jua kali na joto huimaliza pia. Hata Ulaya, msimu wa joto ukielekea mwisho, hosta za bluu huwa zimegeuka kijani.

Dhana: "Chini ya mwarobaini panafaa."

Hapana. Mizizi yake inanyonya maji kabla ya mche wako, na baada ya Aprili mvua hatuioni tena hadi Novemba au Desemba. Afadhali upande wa mashariki wa ukuta, jua la alasiri lisipofika, na matandazo ya kutosha.

Lakini hapo mimi ningepanda magimbi. Jani pana, nalo lina nta yake: mwagia maji uone yanavyoviringika na kudondoka. Yaweke karibu na bomba linalovuja, maana kiu hayaivumilii. Watoto tu wasitafune majani mabichi, yanawasha koo vibaya.