Maana ya forró, muziki wa Kaskazini-Mashariki mwa Brazili

Forró (hutamkwa "foho") ni muziki, ni dansi, na ni shughuli yenyewe ya watu kukutana wakacheza, kama ilivyo ngoma kwetu. Kwao ni Kaskazini-Mashariki mwa Brazili, hasa majimbo ya Pernambuco, Paraíba na Ceará, mbali na samba ya Rio de Janeiro ambayo wageni huidhani ndiyo muziki wa nchi nzima.

Si mdundo mmoja. Humo ndani mna baião, mna xote wa taratibu unaochezwa wawili wawili kwa kukumbatiana, mna xaxado, na mna arrasta-pé wa mbio unaotawala mwezi Juni. Kinachoviunganisha ni vyombo vitatu tu: kodiani, pembetatu ya chuma, na ngoma pana iitwayo zabumba. Zabumba huning'inizwa begani kwa mkanda. Mkono mmoja hupiga ngozi ya juu kwa kirungu, ikatoka sauti nzito. Mwingine huchapa ngozi ya chini kwa ufito mwembamba, ikatoka sauti kali ya kujibu. Mpiga pembetatu naye huifumba na kuifumbua kwa kiganja, sauti ya chuma ikakatika na kulia tena. Watu watatu, bila umeme wala spika, wanatosha kuchezesha kijiji hadi alfajiri.

Aliyeutoa muziki huu vijijini ukafika redioni ni Luiz Gonzaga, aliyezaliwa Exu, Pernambuco, tarehe 13 Desemba 1912. Baba yake, Januário, alikuwa mpiga kodiani na fundi wa kuzitengeneza. Gonzaga alipotoka jeshini alianza kupiga tango na waltz mjini Rio, mpaka wanafunzi waliotoka Ceará walipomwomba awapigie muziki wa nyumbani. Mwaka 1946 yeye na mtunzi mwenzake Humberto Teixeira wakatoa "Baião", na mwaka uliofuata "Asa Branca", wimbo wa mtu anayefukuzwa na ukame na kumwacha mpenzi wake nyuma. Maelfu ya watu wa sertão, nyika kame ya bara, walikuwa wanahamia kusini kutafuta kazi, na wimbo ule ulikuwa habari yao wenyewe. Leo siku ya kuzaliwa Gonzaga ndiyo siku ya kitaifa ya forró.

Msimu wake mkuu ni sherehe za Juni: Mtakatifu Antonio tarehe 13, Yohana Mbatizaji tarehe 24, na Petro tarehe 29. Ndio wakati wa mahindi mabichi. Yanasagwa yakawa pamonha, inayofungwa kwa maganda ya hindi na kuchemshwa, au canjica, uji mzito wa maziwa na sukari unaonyunyiziwa mdalasini. Mioto mikubwa huwashwa, na vikundi hucheza quadrilha, dansi iliyotoka Ulaya, huku wakiigiza harusi ya kijijini yenye bwana harusi anayetaka kutoroka. Miji ya Caruaru na Campina Grande hushindana kila mwaka, kila mmoja ukidai sherehe yake ndiyo kubwa kuliko zote duniani.

Ukubwa huo umeleta ugomvi. Majukwaa makubwa sasa huwapa nafasi nyota wa sertanejo, muziki wa sehemu nyingine za Brazili, na mwaka 2017 wanamuziki wa forró walilalamika hadharani kwamba wanasukumwa pembeni nyumbani kwao. Naona wana haki. Muziki hubadilika, na tangu miaka ya 1990 kuna forró ya vinanda vya umeme yenye mashabiki wengi, lakini hiyo angalau ni mtoto wa nyumba. Mnamo Desemba 2021 forró ilitambuliwa rasmi kuwa urithi wa utamaduni wa Brazili. Kinachohitajika sasa ni mpiga zabumba apewe saa nzuri ya kupanda jukwaani, na alipwe.

Ukitaka kuanza kuusikiliza, mtafute Gonzaga kwanza, kisha Jackson do Pandeiro na Dominguinhos. Sikiliza ule ufito wa chini ya zabumba. Ukishausikia, miguu itajua pa kukanyaga.