Mtoto hakitazami, anakitafuna

Hapa Kigoma wengi wetu tulijifunza kufuma kwa vitambaa vya makochi. Kitambaa cha kochi kazi yake ni kuonekana. Mgeni akiingia akakisifu, kimetosha. Siku hizi tunaletewa oda za kitambaa cha kubembelezea mtoto, kile cha mraba, kama sentimita 30 kila upande, chenye kichwa cha mnyama katikati. Tunakifuma kwa akili ileile ya kochi, na hapo ndipo tunapokosea. Mtoto hana haja ya kukitazama. Anakitia mdomoni.

"Dada, weka macho ya vifungo, yanang'aa." Mama mmoja wa Gungu aliniambia hivyo, nami nikaweka, nikapitisha uzi mara nne. Wiki tatu hazijaisha, akarudi na kitambaa mkononi, jicho moja halipo. Kifungo walikikuta ndani ya nguo ya mtoto. Tulimshukuru Mungu, maana kingeweza kabisa kwenda kooni. Tangu siku ile sijashona kifungo kwenye kitu cha mtoto mdogo. Wapo wanaoamini kwamba yale macho ya plastiki yenye kikazio nyuma ndiyo salama. Kikazio kinashikilia uzi tu, na kitu kilichofumwa hutanuka: mtoto akivuta kwa meno, tundu linafunguka, jicho linatoka zima. Marekani na Ulaya vitu vya kuchezea vya watoto wa chini ya miaka 3 hupimwa kwa kikopo chenye upana wa milimita 31.7, kipande kinachoenea humo hakiruhusiwi. Nyumbani tumia kile kibomba cha karatasi kinachobaki tishu ya chooni ikiisha. Ni kipana zaidi kidogo, kwa hiyo kinakuonya mapema. Macho na pua vidarizi kwa uzi, basi.

"Mlaze nacho, atalala fofofo." Hili ndilo linaloninyima raha kuliko yote, kwa sababu linasemwa na watu wanaompenda mtoto. Ushauri wa madaktari wa watoto hauna kona: kabla ya kutimiza mwaka, mtoto alazwe chali, na pale anapolala pasiwe na mto, blanketi lililolegea wala mdoli laini. Kitu laini kikimziba pua, hana nguvu ya kukitoa wala akili ya kugeuza uso. Kwa hiyo kitambaa ni cha mchana, mtoto akiwa macho na mtu akimwona. Cha usiku kisubiri baada ya mwaka. Ninapokabidhi kazi namwambia mama kwa mdomo wangu, na bibi akiwepo namwambia naye, maana mara nyingi yeye ndiye anayemlaza.

Kuna wanaokataa sokwe, eti atamtisha mtoto, wanataka sungura. Mimi nikisikia hivyo nakumbuka jirani yetu wa Gombe, ile hifadhi ya sokwe karibu na hapa. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alipokuwa na mwaka mmoja na kitu, huko Uingereza, baba yake alimpa sokwe wa kuchezea aliyeitwa Jubilee. Marafiki wa mama yake walihofu kwamba mtoto ataota ndoto mbaya. Mtoto akampenda, akamtunza hadi uzeeni, na mwaka 1960 akashuka ufukweni Gombe kuwatafuta sokwe wenyewe.

"Sufu ndiyo laini, niwekee sufu." Nyingi ya mabunda tunayoyaita sufu madukani ni akriliki, yaani plastiki. Kata kipande cha uzi, kishike kwa koleo nje ya nyumba, kiwashe kibiriti. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu jepesi. Sufu ya kondoo inanuka nywele. Akriliki inayeyuka na kuacha punje ngumu nyeusi. Akriliki si sumu, lakini hainyonyi mate, na ikiguswa na pasi ya mkaa imeharibika. Kwa kitu cha kutafunwa nachagua pamba, inayovumilia maji ya moto. Nyuzi zenye manyoya ziache kabisa. Manyoya yanaishia mdomoni.

Matundu makubwa ya mapambo yanapendeza, lakini kidole cha mtoto kinapita. Tazama wavu wa dagaa pale Kibirizi: macho yake ni madogo ili dagaa asipenye. Fuma kwa wazo hilo. Uzi unaoning'inia ni hatari vilevile, kwani unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu na kuzuia damu isipite, na wewe unadhani mtoto analia njaa. Ncha zirudishwe ndani ya mfumo kwenda na kurudi. Fundo peke yake halitoshi.

Kujaza kichwa kwa sufi ya mti kunaonekana ni busara ya wazee, na kwa mto wa mtu mzima sina ugomvi nayo. Lakini sufi inakataa maji, ndiyo maana zamani ilijazwa kwenye maboya ya kujiokolea, na ukiifua inashikana mabonge. Vipande vya sponji navyo vinapenya. Tumia nyuzi za polyesta za kujazia mito, na ufume kwa kroshia ndogo kuliko ile iliyoandikwa kwenye lebo ya uzi. Kinyanyue kichwa dirishani: ukiona weupe wa ndani, fumua.

La mwisho ni lile la kusema mtoto anayeng'ang'ania kitambaa amekosa mapenzi. Donald Winnicott, daktari wa watoto wa Uingereza, aliandika mwaka 1953 kwamba ni hatua ya kawaida, huanza kati ya miezi 4 na 12, mtoto anapojifunza kwamba mama anaondoka na kurudi. Aliona pia kwamba harufu ni sehemu ya mapenzi hayo, ukikifua ghafla umemnyang'anya. Mimi nafuma viwili vinavyofanana na kuwaambia wazazi wavipokezane tangu siku ya kwanza, kimoja kikiwa kambani, kingine kiko mkononi mwa mtoto.