Mhadhara wa Wazi Seminarini: Yasemwayo na Ukweli Wake

"Ni wa wachungaji na mafrateri tu, tena ni mambo ya mbinguni."

Si kweli. Tangazo likisema mhadhara ni wa wazi, anakaribishwa mwalimu, mwenye duka, jirani Mwislamu, yeyote. Mada nazo hazijawahi kuishia altareni. Mwaka 1898 Abraham Kuyper, mwanatheolojia na mwanasiasa Mholanzi, alitoa mihadhara 6 katika Seminari ya Princeton, Marekani: mmoja ulihusu siasa, mwingine sayansi, mwingine sanaa. Tarehe 19 Aprili 1961 Martin Luther King Jr., mchungaji aliyepigania haki za Wamarekani weusi, alizungumza katika Seminari ya Wabaptisti wa Kusini, Louisville, Kentucky. Baadhi ya makanisa yalichukia hadi yakazuia michango yao kwa seminari hiyo. Hakuna anayezuia michango kwa sababu ya maneno yasiyomgusa.

"Ni ibada yenye jina jingine."

Kwa kawaida kuna sala fupi ya kufungua, basi. Mahubiri hayakatizwi kwa swali. Mhadhiri anaweka hoja mezani ili ihojiwe.

"Maswali ni nyongeza, muda ukibaki."

Dhana hii ndiyo inayoharibu mikutano mingi. Kwa kikao cha saa 2, panga hivi: ufunguzi na utambulisho dakika 10, mhadhara 45, mjibu hoja (anayeupima mhadhara kabla ya maswali) 10, maswali 40, kufunga 5. Zinabaki 10 za kuchelewa. Mambo yakianza nusu saa baadaye na kila mgeni akapewa nafasi ya kusalimia, zinazoliwa ni dakika za maswali. Wageni watambuliwe kwa pamoja, itifaki izingatiwe mara moja, na wasifu wa mhadhiri usizidi sentensi 4.

Kipaza sauti kishikwe na mhudumu, kisiachwe mkononi mwa muulizaji. Akikishika mwenyewe, swali huwa hotuba ya dakika 7. Mkipokea maswali matatumatatu, mhadhiri hujibu jepesi na kuliruka gumu, kwa hiyo mwenyekiti ayaandike yote na kumrudishia lililorukwa. Gaweni pia vikaratasi mlangoni. Kijana ambaye hawezi kusimama kumpinga mhadhiri mbele ya askofu wake ataandika, na mara nyingi swali lake ndilo lililokuwa mioyoni mwa wengi.

"Mkalimani haongezi muda."

Akitafsiri sentensi kwa sentensi, dakika 45 zinakaribia 90. Punguzeni mhadhara uwe dakika 25, na mkalimani apewe maandishi angalau siku 2 kabla. Istilahi za theolojia hazitafsiriki vizuri papo kwa papo.

"Kanisa la chuo ndilo ukumbi bora."

Dari refu, sakafu ya vigae na kuta tupu hurudisha mwangwi. Wimbo hupendeza humo, lakini hoja ndefu hupotea. Kuongeza sauti huzidisha tatizo. Wekeni spika ndogo pande zote mbili hadi katikati ya ukumbi, zikielekezwa kwa watu na si ukutani, kisha mtu akae kiti cha nyuma kabisa na kusikiliza kabla milango haijafunguliwa. Ukumbi ukijaa watu mwangwi hupungua, ila msikadirie hivyo kwa mkutano wa watu 30.

"Chai ya baadaye ni ya wageni rasmi."

Ikiandaliwa chumba cha pembeni, wananchi huondoka na maswali yao. Meza iwe uani, kwa wote, na mhadhiri abaki hapo nusu saa.