Ruzuku ndogo kwa mradi wa darasani: bajeti kwanza, mfadhili baadaye

Walimu wengi humtafuta mfadhili kwanza, kisha ndipo wanatunga mradi wa kumpendeza. Andiko la namna hiyo hujitambulisha lenyewe: limejaa "kuboresha mazingira ya kujifunzia" wala halisemi mwanafunzi atashika nini mkononi. Anza na sentensi moja: wanafunzi wangapi, mada ipi, na kipi kinachokosekana.

Tuseme darasa lina wanafunzi 48 na mada ni seli. Darubini 6 zinatosha: nusu ya darasa inatazama, wanne kwa kila darubini, nusu nyingine inachora, kisha wanabadilishana. Ukuzaji wa mara 400 unaonyesha vizuri seli za utando wa kitunguu. Ule wa mara 1,000 kwa kawaida hudai mafuta maalumu ya lenzi na hupandisha bei bure. Pasipo na umeme wa uhakika, chagua darubini ya kioo cha kuakisi mwanga. Aya kama hii humshawishi mfadhili kuliko kurasa tatu za utangulizi.

Maombi mengi hukwama kwenye bajeti. Bei ya darubini imeandikwa, lakini usafirishaji, kodi, slaidi (vioo vya kuwekea sampuli) na vifuniko vyake, ayodini ya kutia seli rangi na kabati la kufungia vimesahauliwa; vifaa vikifika, vinakaa kwenye maboksi. Chukua ankara kifani (karatasi ya bei ambayo muuzaji hutoa kabla ya mauzo) kwa wauzaji wawili au watatu na uangalie mwisho wa uhalali wake, kwani uamuzi huweza kuchukua miezi. Kama masharti hayaruhusu fungu la dharura, usiliingize kwa mlango wa nyuma. Na jumla iliyokaa sawasawa mno, yenye sifuri tupu, hutia shaka.

Sasa mtafute mtoaji. Kwa kiasi kidogo, anzia karibu: wazazi, wanafunzi wa zamani, wafanyabiashara jirani, vilabu vya Rotary, kampuni zenye fungu la huduma kwa jamii. Wengi wao hawana fomu. Barua ya ukurasa mmoja yenye bajeti inatosha. Ukigawa bajeti kwa kifaa, kila mmoja anaweza kubeba darubini moja.

Mfumo wa DonorsChoose, tovuti ambako watu huchangia maombi ya walimu, ulioanzishwa mwaka 2000 na Charles Best alipokuwa mwalimu Bronx, New York, unahudumia shule za umma za Marekani. Kwa kawaida hautoi pesa taslimu kwa mwalimu: hununua vifaa na kuvipeleka shuleni. Utaratibu huo unaigika popote: mwombe mtoaji amlipe muuzaji moja kwa moja. Pesa zikibidi kuja, zipitie akaunti ya shule, kamwe si simu ya mwalimu, na kibali cha mwalimu mkuu kipatikane kabla maombi hayajatumwa.

Vifaa vikipokelewa, viingizwe kwenye leja ya shule siku hiyohiyo, na nakala ya stakabadhi iende kwa mtoaji pamoja na picha za kazi za wanafunzi. Picha za nyuso zao zinahitaji ridhaa ya wazazi.

Kuhusu vitu vilivyokwishatumika, uliza kabla ya kushukuru: vinafanya kazi, chaja zake zipo, vipuri vinapatikana? Kompyuta 20 zisizowaka humwachia mwalimu mkuu gharama ya kuzitupa, kwa hiyo kukataa kwa adabu kunaruhusiwa.