Kompyuta haikuzima, ila ilikuwa inakosea hesabu

Januari, joto la Dar likiwa limeshika kwelikweli, alinirudia mteja wangu mmoja, mhariri wa video za harusi. "Fundi, mashine haijazima hata siku moja," akaniambia, "ila video zikitoka zina vijiboksi vya kijani." Akanifungulia moja. Bibi harusi anaingia ukumbini, vigelegele vimepamba moto, mara robo ya uso wake inakuwa kijani kufumba na kufumbua, halafu picha inarudi sawa. Akairenda upya kazi ileile, yaani akaiacha kompyuta iitengeneze video yote tena. Kijani kikahamia dakika nyingine kabisa.

Kingebaki palepale ningelaumu kamera. Kilipohama nikajua mkosaji ni mimi, maana prosesa ile niliiovakloki, yaani niliipandisha kasi kupita ilivyopangiwa kiwandani, kwa mikono yangu mwezi wa saba.

Ni Ryzen 5 2600, toleo la mwaka 2018, yenye viini 6. Kiwandani imepangiwa gigahezi 3.4, na yenyewe hujipandisha hadi 3.9 kazi ikiwa nyepesi. Viini vyote vikibanwa kwa kurenda, hii ya kwake ilikuwa inatulia kwenye 3.6. Mwendo huo ni saa ya msingi ya megahezi 100 ikizidishwa mara 36. Ukiingia BIOS, ile menyu ya mipangilio kabla Windows haijawaka, ukaweka 40, umepata gigahezi 4.0, basi. Mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, ikiwa ya B450 inakuruhusu, ya A320 inakugomea, kwa hiyo muulize muuzaji kabla hujatoa hela.

Kuandika 40 hakuchukui hata dakika. Kinachokula muda ni volteji. Kwenye gigahezi 4.0, pigo moja la saa ni robo ya nanosekunde, na ndani ya muda huo umeme lazima uwe umepita kwenye msururu wa transista, zile swichi ndogondogo za prosesa, na kufika mwisho. Volteji ikiwa ndogo, unachelewa, na saa haimsubiri mtu: kinachosomwa ni kile kilichokuwepo, sifuri mahali pa moja. Sasa inategemea sifuri hiyo imeangukia wapi. Ikiangukia kwenye anwani ya kumbukumbu au kwenye amri, Windows inaanguka na unaona skrini ya bluu. Ikiangukia kwenye rangi ya shavu la bibi harusi, hakuna wa kulalamika. Kompyuta haina habari kwamba imekosea. Binafsi naiogopa mashine ya namna hii kuliko inayozimika, kwa sababu inayozimika unaileta kwa fundi siku hiyohiyo.

Ndiyo maana kucheza gemu saa tatu bila kuganda siyo kipimo. Unahitaji kazi ambayo jibu lake linajulikana kabla haijaanza. Mimi hutumia programu ya Prime95, iliyoandikwa na George Woltman kwa ajili ya mradi wa GIMPS, ulioanza mwaka 1996 kutafuta namba tasa za Mersenne, yaani namba tasa zilizo pungufu kwa moja tu ya mbili iliyozidishwa kwa yenyewe mara nyingi. Ile iliyopatikana Desemba 2018 ina tarakimu zaidi ya milioni 24. Hesabu ya namba moja ya aina hiyo inaweza kwenda wiki kadhaa, na biti moja ikikosewa siku ya pili, zilizobaki zote umechoma umeme bure. Kwa hiyo programu imefunzwa kujishuku. Inazidisha namba kubwa kwa desimali, lakini majibu yanatakiwa yawe namba nzima. Kila jibu likitoka inaangalia limeiacha namba nzima kwa kiasi gani. Chini ya 0.4 linapita. Likifika 0.5 liko katikati ya namba mbili na halina maana tena, basi kiini kile kinasimamishwa na kosa linaandikwa. Zaidi ya hapo, kwenye jaribio la kuitesa prosesa, jibu la mwisho linalinganishwa na lile ambalo programu inalo tayari.

Mwezi wa saba niliiendesha saa moja tu, usiku, madirisha wazi, chumba kikiwa nyuzi 26. Prosesa ilifika 76, volteji 1.25, nikaona mambo safi nikamkabidhi. Studio yake ina mapazia mazito ya kuzuia mwanga, na kiyoyozi anakiwasha mgeni akija. Nilipopima saa nane mchana nilikuta nyuzi 34. Chumba kikipanda nyuzi 8, prosesa nayo hupanda karibu hivyohivyo, na transista zikiwa za moto zinakuwa nzito zaidi. Kikomo cha prosesa hii ni nyuzi 95, na ilikuwa bado iko chini yake. Ila volteji iliyotosha wakati wa kipupwe haikutosha tena kaskazi lilipoingia.

Nilianza na ramu, maana na yenyewe ilikuwa mshukiwa: imewekwa kasi ya 3200 kwa XMP, mpangilio wa kasi uliohifadhiwa ndani ya ramu yenyewe, wakati prosesa hii rasmi inahesabiwa mwisho 2933. Memtest86+, programu ya kupima ramu, usiku kucha, kosa hata moja hakuna. Nikaja kwenye Prime95, jaribio la Small FFT linaloibana prosesa yenyewe, pale pale studio, mapazia yamefungwa. Dakika ya 11 dirisha moja kati ya yale ya jaribio likanyamaza. Mengine yote yanaendelea kama kawaida, feni inavuma, kipanya kinatembea vizuri. Kama siangalii skrini nisingejua lolote.

Nikapandisha volteji kidogokidogo. Kwenye 1.2875 ilidumu saa tatu ikakosea. Kwenye 1.3125 nikaiacha ilale na jaribio, asubuhi nikakuta imezima! Nimeshaanza kuingia BIOS kuongeza tena, mlinzi akaniambia umeme ulikatika saa nane usiku. Tangu siku hiyo nafungua kwanza faili la matokeo la Prime95, kisha kumbukumbu za Windows upande wa WHEA-Logger, panapoandikwa makosa ya vifaa, ndipo niguse volteji. Usiku uliofuata ilipita saa kumi bila kosa. Nikamalizia na Blend, jaribio la Prime95 linalogusa na ramu, nikaiacha pia ikae bure nusu siku, kwani kuna mashine zinaanguka zikiwa hazina kazi, halafu tukarenda harusi ileile mara tatu.

Akaniomba 4.1. Joto la prosesa hufuata mwendo, na hufuata volteji ikizidishwa kwa volteji yenyewe. Kutoka 3.6 kwenye volti 1.2 hadi 4.0 kwenye 1.3125, kasi imeongezeka asilimia 11, joto karibu theluthi moja. Kazi ya dakika 60 inaisha kwa 54, sawa, inalipa. Ile 4.1 ilitaka volti 1.4: joto asilimia 17 juu ya hapo, kwa faida ya dakika moja na ushee. Nilimkatalia, akanuna kidogo, akanunua feni ya pili ya kasha.

Ndani ya mfuniko wa pembeni nimebandika kipande cha tepu na kuandika kwa maka: 40, volti 1.3125, chumba 34, Januari.