Alama 600 za tuzo moja si 600 za nyingine

"Vigezo vya tuzo hizi ni vilevile, wanabadilisha majina tu." Nimeisikia tena kauli hiyo wiki iliyopita, safari hii kutoka kwa meneja wa ubora aliyeniletea jedwali: vichwa vya vigezo vya Baldrige, tuzo ya ubora ya Marekani, kushoto, vya EFQM, ya Ulaya, kulia, mishale katikati. Uongozi kwa uongozi, wateja kwa wateja. Alitaka nikubali kwamba alama alizojipa upande mmoja zinahamia upande wa pili.

Hazihami. Vichwa vinafanana kwa sababu kila kampuni ina viongozi, wateja na wafanyakazi. Tofauti iko kwenye uzito. Baldrige ya Marekani, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1987, kwa miaka mingi ilitoa alama 450 kati ya 1,000 kwa matokeo. EFQM ya Ulaya iligawa nusu kwa nusu, 500 kwa taratibu na 500 kwa matokeo, hadi muundo wa 2020 uliposhusha matokeo kuwa 400. Deming ya Japani, iliyoanza 1951, inaanzia kwingine kabisa: kampuni ijiwekee malengo magumu yanayotokana na biashara yake, kisha wakaguzi waangalie kama TQM (usimamizi wa ubora unaohusisha kampuni nzima) inayotumika inaendana na malengo hayo na imezaa nini. Mshale utauchora wapi hapo?

Tuchukue malalamiko ya wateja. Kwenye Baldrige haitoshi kusema mna dawati la malalamiko. Mtaulizwa utaratibu wenu ni upi, umefika matawi yote au umeishia makao makuu, na mmeurekebisha baada ya kujifunza nini. Halafu sehemu ya matokeo inadai mwenendo wa miaka kadhaa na ulinganisho na washindani. Grafu ya mwaka mmoja, hata ikipendeza vipi, haimridhishi mtathmini. Ndiyo maana kila mteja wangu namwambia aanze kuandika sehemu ya matokeo. Pengo la takwimu litajitokeza siku ya kwanza, kabla hajamaliza kurasa nyingi za maelezo mazuri yasiyo na ushahidi.

Wengine husema cheti cha ISO 9001, kiwango cha kimataifa cha mifumo ya usimamizi wa ubora, ni nusu ya safari ya kupata tuzo. Cheti kinathibitisha mmetimiza masharti. Hakipimi mmewazidi wenzenu kwa kiasi gani.

Kwamba mshindi lazima awe mmoja? Kwenye Deming, kila anayefikia kiwango anapewa.

Na tuzo si kinga ya kufilisika. Kampuni ya Wallace ya Houston ilishinda Baldrige mwaka 1990, na mwaka 1992 ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake.

Lile jedwali nimemrudishia meneja bila mishale. Nimeongeza safu mbili kwa kila kigezo: uzito wake, na ushahidi kinaoudai. Ya pili aijaze mwenyewe.