Mzamiaji katoka ziwani bega linauma: maswali kuhusu oksijeni

Haya maswali ni ya vijana wa Kigoma wanaozamia samaki wa mapambo, nayajibu kwa mkupuo mmoja.

Mtu katoka majini mzima kabisa, kala ugali na mgebuka, lisaa limepita bega linauma na mkono unakufa ganzi. Si uchovu tu?

Huenda, ila kama huko chini alikuwa anavuta hewa ya mtungi au ya kompresa (mashine ya kusukuma hewa kwa mpira kutoka botini), we chukulia ni ugonjwa wa wazamiaji mpaka daktari aseme sio. Ukiwa mita 20 chini mwili unagandamizwa karibu mara tatu ya huku juu, basi ile naitrojeni ya kwenye hewa inayeyukia kwenye damu na kwenye mafuta ya mwili, sasa ukikaa sana halafu ukapanda fasta inatoka kwa vipovu kama soda iliyotikiswa ikafunguliwa, vinaenda kukaa kwenye maungio, kwenye ngozi, vibaya zaidi kwenye uti wa mgongo. Mara nyingi dalili zinaanza ndani ya masaa machache, nyingine zinachelewa mpaka kesho yake. Na hapo ndo tunapopotea, maana viungo vikiuma huku kwetu mtu anapewa diklofenaki, au dawa ya malaria, au anaambiwa kapigwa na jini la ziwa, huku masaa yanakatika. Miguu ikikosa nguvu, mkojo ukigoma, kizunguzungu au kifua kubana, hapo hakuna mjadala, ni oksijeni na hospitali.

Mtungi wake wa kuzamia umebaki nusu, si avute huo?

Hapana! Tunauita mtungi wa oksijeni lakini mle ndani ni hewa hii hii ya barazani, oksijeni asilimia 21 tu na iliyobaki karibu yote naitrojeni, yani kile kile kilichomuumiza. Anatakiwa oksijeni tupu ya hospitali. Akiivuta hiyo, mapafuni hakuingii naitrojeni mpya, kwa hiyo ile ya kwenye damu inapata njia ya kutoka na vipovu vinanywea, na zile sehemu zilizozibwa zinapata oksijeni angalau. Sio mambo ya juzi, Mfaransa Paul Bert aliyaandika mwaka 1878.

Anapewaje?

Maski yenye kifuko, lita 15 kwa dakika. Kifuko kijae kwanza ndo umvalishe, ibane vizuri puani na kidevuni, na ukiona kifuko kinasinyaa kabisa akivuta ujue oksijeni haitoshi, ongeza. Vile vimipira viwili vya puani havimfai huyu, vinachanganya hewa nyingi mno. Mlaze chali, asiinamishwe kichwa chini, akipoteza fahamu ila anapumua mlaze ubavu.

Halafu mikono. Nimewahi kuona mtu katoka kula wali wa mawese anaenda moja kwa moja kufungua valvu ya oksijeni, nikapiga kelele mpaka boti zima likageuka. Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta inaweza kulipuka moto, iwe mawese, grisi ya injini au mafuta ya kujipaka. Nawa kwa sabuni, sigara mbali, jiko mbali.

Mtungi mmoja unatosha?

Piga hesabu kabla ya safari. Mtungi wa lita 10 uliojazwa presha ya bar 150, yani karibu mara 150 ya hewa ya kawaida, una oksijeni lita 1,500 (10 mara 150), gawa kwa 15, dakika 100. Kama mnazamia kwenye vijiji ambavyo boti linatembea masaa manne mpaka mjini, mmoja ni utani. Ila ukiwa nao huo huo mmoja usianze kubana ili udumu, bora apate nyingi mapema ikiisha iishe.

Kavuta nusu saa, maumivu yameisha. Aendelee na kazi?

Aende hospitali, na maski aendelee nayo njiani, maana dalili zinarudi. Oksijeni ni huduma ya kwanza, tiba yenyewe ni chemba ya mgandamizo, anaingizwa humo anagandamizwa kama yuko mita 18 chini huku anavuta oksijeni, masaa karibu matano. Daktari ndo aanze kupiga simu za kuitafuta. Na wale wanaosema "mrudishe chini apande polepole" wamuache, akiishiwa nguvu huko chini mtamfuata na nini?

Tumpakie treni awahi kwa ndugu zake Tabora?

Msithubutu bila daktari kuruhusu. Ziwa liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, Tabora ni 1,200 hivi, na ukipanda juu hewa inapungua mgandamizo, vipovu vinavimba. Kupanda milima ya kwenda Kasulu ni yale yale, ndege ndo usiseme.

Na bia mbili za kutuliza maumivu?

Maji. Kama yuko macho na hatapiki, anywe kidogo kidogo, na mwenzake aandike kwenye karatasi alizamia mita ngapi, dakika ngapi, maski kavaa saa ngapi, karatasi hiyo iende na mgonjwa.